Kupima aloi ya titani na utando wake wa kinga: mwongozo kwa mwanafunzi aliye Dodoma

Upepo wa kiangazi Dodoma hubeba vumbi lenye chembe nyingi za kwatsi (quartz), maana udongo wa huku kwa sehemu kubwa umetokana na miamba ya graniti iliyomomonyoka. Kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, kwatsi iko karibu na 1,100. Aloi ya titani inayotumika kuliko zote, Ti-6Al-4V, yaani yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, iko karibu na 350. Metali hii inayosifiwa kwa wepesi, nguvu na kutoshika kutu inakwaruzwa na vumbi la njiani. Hapo ndipo habari ya utando wa kinga inapoanzia.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa metalujia au uhandisi mitambo, awe UDOM au chuo kingine, mwenye mradi wa mwaka wa mwisho na asiye na mashine ya kutengeneza utando ndani ya ombwe. Wengi husoma kuhusu utando wa nitridi ya titani, ule wa rangi ya dhahabu wenye ugumu unaozidi 2,000, halafu wanakaa kusubiri mashine ambayo haiji. Usisubiri. Tanuru la kawaida la maabara, lile linalotumika kuchomea sampuli za madini, linatosha kukupa utando wa oksidi wenye thamani ya kupimwa. Tena utajifunza zaidi, kwa sababu umeutengeneza mwenyewe.

Jambo moja ulishike tangu sasa: karibu kila namba utakayoipata juu ya kipande chenye utando ni namba ya vitu viwili, utando na metali iliyoubeba. Kwa hiyo tunaanza na metali ikiwa uchi.

1. Pata metali inayojulikana

Nunua fimbo ya duara yenye cheti cha kiwanda. Daraja la 5 ndilo Ti-6Al-4V; daraja la 2 ni titani tupu ya biashara, laini zaidi na rahisi kuchonga. Usiokote chuma chakavu ukakiita titani kwa sababu ni chepesi, wala usiombe bamba zilizotolewa kwenye mifupa ya wagonjwa. Hizo zina taratibu zake za hospitali na za maadili ya utafiti, na historia ya mizigo zilizobeba huijui.

Hata ukiwa na cheti, hakiki kwa uzito. Pima kipande hewani, kisha kining'inize kwa uzi ndani ya maji na ukipime tena. Kipande cha gramu 44.3 kikisoma gramu 34.3 majini, kimepoteza 10, kwa hiyo msongamano wake ni gramu 4.43 kwa sentimita ya ujazo, ambao ni wa Ti-6Al-4V. Chuma cha pua kingekupa karibu 8, alumini 2.7. Titani tupu ni 4.51, tofauti ndogo mno kwa mizani ya kawaida. Kutenganisha hizo mbili tumia ugumu, si uzito.

2. Kukata na kuchonga

Titani husafirisha joto vibaya: kwa Ti-6Al-4V ni kama wati 7 kwa mita kwa kila digrii, wakati chuma cha kawaida kina karibu 50. Joto la kuchonga haliingii kwenye kipande, linabaki kwenye ncha ya kisu na kwenye vinyweleo, yaani vipande vyembamba vya metali vinavyochongwa. Ndiyo maana fundi aliyezoea chuma humaliza visu vitatu kwa kazi ya kisu kimoja.

Kabla ya kumwachia fundi kazi, kaa naye. Usimwambie kwa lugha ya darasani. Mwambie hivi: "Shikamoo fundi. Hii inataka mzunguko mdogo, kisu kikali, maji ya kupozea muda wote, na kisu kikishagusa kisisimame kusugua pale pale." Akikujibu kuwa amechonga vyuma tangu hujazaliwa, mkubalie, ila mwombe aanze na kipande cha pembeni. Vinyweleo vyembamba na unga wa titani vikishika moto havizimwi kwa maji, maji huuchochea. Weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, na ufagie unga kila mara badala ya kuuacha ulundikane chini ya mashine au ya grainda.

Mwombe vipande vya kuvuta visivyopungua vitatu, sehemu ya katikati iwe na kipenyo cha milimita 6, na vidonge vya kipenyo cha milimita 25 na unene wa 5. Vidonge viwe vingi kuliko unavyodhani utahitaji.

3. Jaribio la kuvuta

Hili lifanye kwenye metali isiyo na utando. Utando wa mikromita mbili hauwezi kubadilisha nguvu ya fimbo ya milimita sita kwa kiasi ambacho mashine itakiona.

Eneo la duara la kipenyo cha milimita 6 ni milimita za mraba 28.27. Kipande kikikatika kwenye kilonyutoni 25.9, nguvu yake ya kuvutwa ni megapaskali 916. Kiwango cha chini kwa fimbo ya daraja la 5 iliyopozwa taratibu ni megapaskali 895, na mahali inapoanza kurefuka bila kurudi ni 828, huku urefu ukiongezeka angalau asilimia 10 kabla ya kukatika. Ukipata 700, usikimbilie kuandika ugunduzi. Kagua kipenyo ulichopima, kagua kama kipande kilishikwa kikiwa kimepinda, kisha rudi kwenye cheti.

Kuna mtego mmoja hapa unaojirudia kwenye ripoti za wanafunzi. Ukakamavu wa Ti-6Al-4V, yaani jinsi inavyokataa kunyumbuka, ni kama gigapaskali 114, takriban nusu ya chuma. Mwanafunzi anachora mstari wake, anapata 35, anaandika kuwa aloi yake ni laini. Kumbe ametumia mwendo wa kichwa cha mashine badala ya kipimo cha kurefuka kinachobanwa kwenye kipande chenyewe. Mashine nayo inanyumbuka, meno ya kushikia yanateleza, na vyote hivyo vinahesabiwa kama kurefuka. Kama maabara haina kipimo hicho, ripoti nguvu na asilimia ya kurefuka, ukakamavu uache kabisa. Namba isiyo sahihi ni mbaya kuliko nafasi tupu.

4. Kung'arisha

Weka kidonge ndani ya resini, anza na msasa namba 240, panda hadi 1200 kwa maji, kisha almasi ya mikromita 9, na umalizie kwa silika laini ya majimaji iliyochanganywa na tone la peroksidi ya hidrojeni. Titani hupakaa kuliko inavyokatika, kwa hiyo usikandamize na usiwe na haraka.

Maadui wa huku ni wawili. Wa kwanza ni vumbi. Chembe moja ya kwatsi kwenye kitambaa cha kung'arishia inachora mistari mirefu juu ya kazi ya saa nzima, na utaulaumu msasa bure. Vitambaa vifungie kwenye mifuko ya zipu, madirisha yafungwe, na using'arishe chumba kinachofagiliwa. Wa pili ni maji. Maji ya visima yanayotumika Dodoma yana chumvi, na yakikauka juu ya kioo cha metali yanaacha madoa. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa, malizia kwa ethanoli, kausha kwa hewa ya moto. Ethanoli, si methanoli: mwaka 1966 matangi ya titani ya mradi wa Apollo wa Marekani yalipasuka yakijaribiwa kwa methanoli, na tangu hapo wanaoijua titani hawaiweki karibu nayo.

Ili kuona muundo wa ndani, vitabu vitakuelekeza kwenye mchanganyiko wa Kroll: mililita 2 za asidi hidrofloriki, 6 za asidi nitriki, 92 za maji. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asiuguse peke yake. Asidi hidrofloriki hupenya ngozi bila maumivu ya mwanzo na kushambulia kalsiamu ya mwili, na hula chupa za kioo. Kama maabara haina jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka ngozi iliyoguswa na asidi hiyo, mezani na msimamizi aliyesimama hapo, acha. Pia ni kemikali iliyo chini ya sheria ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, hivyo haiagizwi kiholela. Njia ya kukwepa ipo: awamu ya alfa ya titani, yaani sehemu ya metali yenye mpangilio mmoja wa atomi kati ya miwili, alfa na beta, hubadilika mwanga chini ya darubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana, bila asidi yoyote. Picha haitakuwa kali vile, lakini itatosha kuonyesha chembe zilivyokaa.

5. Ugumu wa metali ikiwa uchi

Kipimo cha Vickers hutumia ncha ya almasi yenye umbo la piramidi na pembe ya digrii 136. Unapima milalo ya kovu, unaweka kwenye kanuni: ugumu ni 1.854 mara mzigo kwa kilo, gawanya kwa mraba wa mlalo kwa milimita. Kwa mzigo wa kilo 0.3 juu ya metali ya ugumu wa 350, kovu lina mlalo wa mikromita 40 hivi. Piga makovu kumi, kila moja liwe mbali na jingine angalau mara tatu ya mlalo wake, na mbali na ukingo. Andika HV0.3 (HV ni ugumu wa Vickers, 0.3 ni mzigo kwa kilo), si HV tupu. Mzigo ni sehemu ya jina la namba.

6. Kutengeneza utando tanurini

Titani ina oksidi yake ya asili, nyembamba ya nanomita chache tu, na hiyo ndiyo inayoizuia kutu. Tunachotaka ni kuinenepesha mara mia kadhaa. Joto la kufanyia kazi ni nyuzi 600 hadi 650, hewani, kwa makumi ya saa. Utapata oksidi ya aina ya rutaili ya unene wa mikromita moja au mbili, na chini yake eneo ambalo oksijeni imezama ndani ya metali na kuikaza. Eneo hilo la chini ni la thamani kuliko linavyosifiwa, maana ndilo linaloubeba utando. Ukipandisha joto hadi 800 ili kuwahi, oksidi inanenepa upesi, lakini inapasuka na kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu.

Kabla ya kuingiza tanurini, osha vidonge kwa asetoni kisha ethanoli, na baada ya hapo usiviguse kwa vidole. Jasho lina chumvi, na chumvi juu ya titani yenye moto huanzisha nyufa pale penye mkazo. Hilo hilo ndilo la kuhofia kwenye maji ya kisima. Viweke juu ya kigae cha kauri, si juu ya bamba la chuma, na kipimajoto chako kikae kando ya vidonge. Usiamini namba ya mlangoni, tanuru la zamani linaweza kudanganya kwa nyuzi thelathini au zaidi.

Umeme ukikatika usiku wa manane, usifungue mlango. Acha vipoe taratibu, washa tena umeme ukirudi, na uhesabu tu muda uliokuwa juu ya nyuzi 580. Andika kukatika huko kwenye daftari. Vidonge viwili viingie tanurini pamoja na vingine kwa ajili ya kukatwa katikati baadaye: utapima ugumu wa kiini chake na kulinganisha na ule wa hatua ya tano. Nyuzi 600 ziko mbali chini ya 995, ambapo muundo wa Ti-6Al-4V hugeuka wote kuwa beta, kwa hiyo kiini hakipaswi kubadilika sana. Kikibadilika, joto lako silo ulilodhani.

Kuna watakaokushauri utumie betri na maji ya magadi kupata rangi za bluu, zambarau na dhahabu. Ni kazi nzuri ya macho, na voti zinapopanda rangi hubadilika kwa mpangilio kwa sababu oksidi hunenepa kama nanomita mbili kwa kila voti. Lakini hata kwa voti 100 unene ni nanomita 200 tu. Mchanga hauhesabu hilo.

7. Unene

Pima kwa njia mbili. Ya kwanza ni mizani ya kusoma hadi milligramu 0.1. Kila mikromita ya rutaili imeongeza oksijeni ya milligramu 0.17 kwa kila sentimita ya mraba. Kidonge chako kina sentimita za mraba 13.7, kwa hiyo ongezeko la milligramu 4.6 ni unene wa mikromita mbili hivi, au pungufu kidogo, kwa kuwa sehemu ya oksijeni imezama ndani ya metali bila kuwa oksidi.

Ya pili ni gololi. Gololi ya chuma ya kipenyo cha milimita 25 inazungushwa juu ya kidonge kwa ute wa almasi mpaka itoboe utando na kuacha duara mbili, ya nje na ya ndani. Chukua mraba wa kipenyo cha nje, toa mraba wa kipenyo cha ndani, gawanya kwa mara nne ya kipenyo cha gololi. Nje ikiwa milimita 0.9 na ndani 0.7, jibu ni milimita 0.0032, yaani mikromita 3.2. Kifaa hiki fundi anaweza kukutengenezea kwa mota ndogo na shafti, na ni katika vitu vichache vya utafiti huu vinavyogharimu kidogo na kusema kweli.

8. Ugumu wa utando, na kwa nini usiuamini haraka

Kanuni inayokubalika ni kwamba ncha isizame zaidi ya sehemu moja ya kumi ya unene wa utando, la sivyo unaipima metali ya chini. Kovu la Vickers huzama kama moja ya saba ya mlalo wake. Tuseme una utando wa mikromita 3 wenye ugumu wa 2,300. Unaruhusiwa kuzama mikromita 0.3, kwa hiyo mlalo ni mikromita 2.1, na mzigo ni gramu tano na nusu. Mashine nyingi za kawaida huanzia gramu 10. Kwa gramu 10 mlalo ni mikromita 2.8, na ukikosea nusu mikromita tu kwa jicho, ugumu unapotoka kwa takriban theluthi moja.

Utando wetu wa oksidi ni mwembamba zaidi, kwa hiyo hali ni ngumu zaidi. Fanya hivi: pima kwa mizigo ya gramu 25, 50, 100, 200 na 300, chora ugumu dhidi ya mzigo. Mstari utaanza juu na kushuka kuelekea 350 kadiri mzigo unavyoongezeka. Mchoro huo ni matokeo halali, na jina lake ni ugumu wa pamoja. Usichukue namba ya gramu 25 ukaiita ugumu wa rutaili.

9. Je, utando umeshika?

Mashine ya Rockwell ipo kwenye karakana nyingi. Piga kovu kwa koni ya almasi na mzigo wa kilo 150, kisha angalia ukingo wa kovu kwa darubini. Kuna kipimo cha picha cha madaraja sita: la kwanza ni nyufa nyembamba tu, la sita ni utando ulioachia pande zote, na kuanzia la tano utando umefeli. Tahadhari ni kwamba kipimo hicho kilitungwa kwa ajili ya vyuma vigumu vya zana. Titani yetu ni laini, inabonyea sana chini ya koni, na utando lazima upasuke. Nyufa za duara usizihesabu kuwa kosa. Angalia kama vipande vimebanduka na kuacha metali inayong'aa.

10. Mchanga wa korongoni

Sasa turudi kwenye vumbi. Jaribio linalofaa ni gurudumu la mpira linalozunguka likisugua kidonge huku mchanga ukishuka kati yao. Kwa namna lilivyosanifiwa, gurudumu lina kipenyo cha milimita 228.6, msukumo ni nyutoni 130, na mchanga ni wa milimita 0.2 hadi 0.3, ukishuka gramu 300 hadi 400 kwa dakika. Kidonge cha milimita 25 ni kidogo kwa gurudumu hilo, kwa hiyo mwombe fundi tangu mwanzo bamba bapa tatu au nne, ziingie tanurini pamoja na vidonge.

Mchanga wa makorongo unafaa ukioshwa, ukakaushwa na kuchekechwa, ila usitumike mara mbili. Chembe zake zikiwa na kona kali kuliko ule wa kiwango, usilinganishe namba zako na za majarida. Linganisha bamba zako zenyewe, zenye utando na zisizo nao. Na uvae barakoa ya vumbi laini, si kitambaa: unga wa kwatsi ndio unaowaharibu mapafu wachimbaji.

Pima uzito mara kwa mara, mwanzoni kila baada ya mizunguko kumi. Kovu la sentimita tatu za mraba lenye utando wa mikromita mbili lina milimita 0.6 za ujazo, sawa na milligramu 2.5 za rutaili. Ikishavuka upungufu huo, bamba linasuguliwa likiwa uchi, na mstari wa mchoro utapinda kuelekea mwinuko wa metali tupu. Hesabu mizunguko mpaka pale penye kona. Kabla ya kona gawanya upungufu kwa 4.23, baada yake kwa 4.43, ili upate ujazo, maana uzito peke yake hauwezi kulinganisha vitu vyenye msongamano tofauti.

Kwenye jedwali la ripoti, kila mstari uwe na joto la tanuru lililopimwa kando ya kidonge, saa zilizohesabiwa, unene kwa njia zote mbili, mzigo wa ugumu, na mizunguko hadi kona. Bamba ambalo utando wake ulibanduka kabla ya kufika kwenye gurudumu nalo liandikwe humo humo, pamoja na joto lake.